Tanzia ya Mzee Kitasa

Aliyeandika ile tanzia ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu mjini watu wanasema ni kazi ya kijana fulani wa ofisini, na wakubwa wa stesheni wameacha iaminike hivyo. Hakuna kijana. Ni mimi, Paskalina, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, niliyekaa na kikombe changu cha chai ya tangawizi nikajiona nina akili kuliko Dar es Salaam nzima.

Nimewachekesha watu kwa miaka ishirini na sita. Nilianza na vipande vya dakika tatu redioni, nikaenda kwenye filamu za kaseti, zile zilizokuwa zikitandazwa chini Kariakoo kama nyanya, halafu televisheni ikanipokea. Kipindi changu, Nyumba ya Mzee Kitasa, kimeonyeshwa kila Jumapili saa mbili usiku kwa miaka kumi na mmoja. Naandika mimi, natayarisha mimi, na mpishi asipofika nawapikia waigizaji wali mimi. Mzee Kitasa ni baba mwenye nyumba mchoyo anayefunga kila kitu kwa kufuli, hata jagi la maji. Anayemwigiza ni Nassibu, mtu wa Masasi kama mimi, miaka arobaini na minne, ambaye kamera ikizimwa ni mpole mpaka anakera.

Mwaka huu watazamaji walianza kutukimbia. Watu siku hizi wanacheka kwenye simu, nusu dakika, basi. Mkuu wa vipindi akaniita, akaniambia kwa upole wa mtu anayeshika panga kwamba tumebakiwa na vipindi vitatu, tusipopanda tunaondoka. Nikarudi nyumbani nikipiga hesabu. Nina watu kumi na wanane wanaonitegemea, na sina kazi nyingine ninayoijua. Nikaamua Mzee Kitasa afe.

Nassibu aliusoma mswada mpaka mwisho. Halafu akasema, "Dada Paska, usinichurie bwana."

Nikamcheka. "Anakufa Kitasa, hufi wewe. Na kipindi kinachofuata anafufuka pale pale kwenye mkeka, kasikia wanagawana funguo zake."

"Mimi sina neno," akasema. "Ila mama asijue mapema. Nitamweleza mwenyewe."

Mama yake ni Bi Sofia. Wanaishi wawili Mtaa wa Narung'ombe, vyumba vya nyuma vya nyumba ya Bi Badriya, mwenye duka la vitambaa. Bi Sofia alikuwa na mume akafa, alikuwa na binti akafa, amebaki na Nassibu. Moyo wake umetanuka. Daktari wa Upanga alituambia mimi na Nassibu tukiwa tumesimama pale korido: vidonge asubuhi na jioni, chumvi kidogo, na msimpe mshtuko. Alilirudia hilo la mshtuko mara mbili. Nililisikia vizuri sana.

Jumamosi ile nilikuwa kwenye chumba chetu cha kuhariri, ghorofa ya tano, Lumumba, dirisha linatazama viwanja vya Mnazi Mmoja. Nassibu na wenzake walikuwa Upanga kwenye fleti ya kukodi, wakipiga kipande cha Kitasa kukata roho. Saa nne asubuhi nikatengeneza picha nyeusi, katikati sura ya Nassibu. Nilikuwa na picha ya Kitasa mwenye ndevu zake za bandia lakini haikuwa na mwanga, basi nikaweka ya Nassibu mwenyewe, amevaa shati la bluu, anatabasamu. Nikaandika: TANZIA. Mzee Kitasa hatunaye tena. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: usikose Jumapili ijayo. Nikaituma kwenye kurasa zetu zote. Nilitaka kiki, mji mzima utuzungumzie, na nakiri nilicheka peke yangu. Kisha nikaziba masikio kwa hedifoni, nikazima sauti ya simu, nikaanza kukata picha na Leticia, mhariri wangu.

Saa sita na nusu nikaishika simu. Nilikuwa nimepigiwa mara mia na arobaini. Ujumbe wa kwanza niliofungua ulitoka kwa mtu wa Masasi niliyesoma naye: "Pole sana. Tunazika Dar au mwili unakuja huku?"

Mtu wa kwanza aliyeisambaza ile picha alikuwa ameikata chini. Herufi zangu ndogo zilikuwa zimebaki huko kwenye jalala. Na mimi mjuzi nilikuwa nimesahau kwamba Narung'ombe nzima, kuanzia muuza kahawa mpaka imamu, hawamwiti Nassibu kwa jina lake. Wanamwita Mzee Kitasa.

"Mama yake," nikamwambia Leticia.

Nikampigia Bi Sofia. Inaita, haipokelewi. Nikampigia Bi Badriya, simu inatumika. Nassibu ndiyo usiseme: kwetu tukipiga picha simu zote zinakusanywa kwenye kikapu, zimezimwa, na sheria hiyo niliitunga mimi. Niliifuta ile tanzia, kazi bure, maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia Leticia achukue bajaji, aende Upanga, amlete Nassibu hivyo hivyo alivyo. Mimi nikashuka ngazi ghorofa tano kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa juu, na sikuweza kusimama kuingoja.

Kutoka Lumumba hadi Narung'ombe ni mwendo wa dakika kumi. Siku ya Jumamosi ni mwendo wa dua. Mikokoteni imejaa marobota, wachukuzi wanapiga kelele upishe, na ukipisha huku unagongwa kule. Nilivua viatu nikavishika mkononi. Kila nilipopita naona watu wameinamia simu. Muuza mikanda anamwambia mwenzake, "Kitasa katutoka bwana, presha." Mwingine anasema, "Presha wapi, ni ajali." Tayari nilikuwa nimemuua mtu mmoja kwa vifo viwili.

Nikasimama. Nikapiga kelele mbele ya watu, "Jamani, ni uongo! Yuko hai!"

Yule wa mikanda akanitazama, mwanamke mtu mzima, pekupeku, jasho linanitiririka. Akasema taratibu, "Mama, lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

Msemo huo nimeutumia mara mia kwenye maandishi yangu, watu wakacheka. Siku ile uliniingia kwenye uti wa mgongo. Akilini nikamwona Nassibu kwenye bajaji, nikaona lori likimjia. Nikaanza kukimbia tena, huku nasali rozari kwa kuruka-ruka, Salamu Maria nusu, nyingine nusu.

Nilipokunja kona ya Narung'ombe niliona makochi.

Inabidi nieleze. Kwetu msiba mzito hauambiwi. Mtu hapigiwi simu akaelezwa mwanao amekufa, huo ni ukatili. Anaambiwa anaumwa kidogo. Baadaye anaambiwa amelazwa. Wanawake wanaingia mmoja mmoja, wanakaa, hawasemi kitu. Makochi yanatolewa nje, mikeka inatandikwa. Mwenyewe anaona, anajua. Mpaka wakubwa wanakuja kumwambia, moyo ulishatangulia. Ndivyo tunavyohurumiana.

Makochi ya Bi Sofia yalikuwa nje ukutani, moja juu ya jingine, pamoja na kabati. Turubai lilikuwa limefungwa upande mmoja. Wanaume wameketi kwenye viti vya plastiki, wameshika tama.

Bi Badriya alinipokea mlangoni, akanikumbatia. "Pole mwanangu. Hatujamwambia. Tumesema anaumwa tu."

"Bi Badriya, hajafa! Ni tangazo la kipindi. Nimeliandika mimi!"

"Sawa, mama. Kaa kwanza unywe maji."

"Nakwambia mzima! Yuko Upanga, anakuja sasa hivi."

"Analetwa saa ngapi?" akauliza mzee mmoja nyuma yangu. "Tukiwahi tunamzika baada ya alasiri."

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, nilitaka kumpiga mzee wa watu. Waliniangalia wote kwa huruma ileile anayoangaliwa mtu aliyekataa kuamini, na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo huruma yao ilivyozidi. Mwanamke mmoja akaniwekea maji ya baridi utosini. Nikajitoa mikononi mwao, nikaingia chumbani.

Bi Sofia alikuwa chini kwenye mkeka, ameegemea ukuta palipokuwa na kochi. Wanawake kama kumi na watano wamemzunguka, kimya. Televisheni ilikuwa imefunikwa shuka.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Miaka yote niliyomfahamu, hata akiwa kwenye maumivu, marahaba yake haikuwahi kukosa. Nikapiga magoti.

"Mama, Nassibu mzima."

"Anaendeleaje?" akauliza.

"Haumwi popote. Mzima kabisa."

"Amekula?"

"Amekula, mama. Amekunywa chai na chapati mbili."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeisikia hadithi anayoijua. "Baba yake mlisema amekunywa uji. Dada yake mkasema ameomba chungwa." Akanishika shavu. "Ahsante mwanangu. Umesema vizuri."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Ningesema amekufa, angeamini. Nikisema ni mzima, anaamini amekufa. Hapakuwa na neno lililobaki. Miaka ishirini na sita natengeneza maneno ya kuwatia watu mdomoni, na sasa kinywa changu mwenyewe kilikuwa hakina kitu.

Simu ikalia. Leticia. "Dada, tuko kituo cha Fire, foleni haisogei kabisa."

"Mtoe kwenye bajaji! Apande pikipiki! Mpe kwanza simu aongee na mama yake."

Nikaiweka simu sikioni kwa Bi Sofia. Nilimsikia Nassibu, "Mama! Mama, ni mimi Nassi, niko njiani, usiwasikilize hao." Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Hii sauti si ndiyo mnayoipiga Jumapili?" akasema. "Sauti mnazo nyingi. Mtu mwenyewe yuko wapi?" Akaongea kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko wawili tu. "Vichekesho vyenu mimi sikuwahi kuvielewa, Paskalina. Watu wanacheka mwanangu akianguka kwenye ngazi. Mimi kila Jumapili roho inaruka, namwangalia kama ameamka. Akiamka ndipo nacheka."

Niliziandika zile ngazi. Nilimwangusha mwanawe kwa miaka kumi na mmoja.

Wakati huo nikaona mkono wake. Ulikuwa umekwenda kifuani, upande wa kushoto, unakandakanda taratibu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na midomo ilikuwa imepauka.

"Dawa zake ziko wapi?" nikauliza. Wanawake wakatazamana. "Dawa! Anakunywa vidonge!"

"Zinakaa kabatini," Bi Badriya akasema, na uso wake ukabadilika. Kabati lilikuwa limetolewa nje pamoja na makochi.

Tulikimbia wote wawili. Kabati lilikuwa limeegeshwa uso ukutani, makochi yamelikandamiza. Wale wanaume walisaidia kulivuta, mguu mmoja ukavunjika, droo zikamwagika barabarani: vitambulisho, picha, uzi, kadi ya kliniki. Bi Badriya akaviona vidonge, akavijua, vile vyeupe na kile cha kuweka chini ya ulimi. Kimoja kikanitoka mkononi, kikaanguka kwenye mfereji. Nikarudi ndani na vilivyobaki na kikombe cha maji.

"Mama, kunywa."

Akafumba mdomo.

"Mama, nakuomba. Kwa ajili ya Mungu."

"Vya nini?" akasema. "Nimemeza vidonge miaka sita ili nisimwache mtoto peke yake. Sasa niko peke yangu mimi. Nivimeze nibaki na nani?"

Nililia. Nilimwambia kila kitu, picha nyeusi, kiki, herufi ndogo, mkuu wa vipindi. Nikaapa kwa marehemu mama yangu. Wanawake nao wakaanza kulia kwa sababu ya kilio changu, na chumba kizima kikawa msiba kweli. Bi Sofia hakulia. Alikuwa amefumba macho, pumzi fupi fupi.

"Maziwa niliyomnyonyesha nimemhalalishia," akasema. "Alipokosa nimemsamehe. Sanda imepatikana?"

Nilishika kiganja chake na kilikuwa baridi. Nilianza kuhesabu pumzi zake, na kila moja ilipotoka nilikaa nikiisubiri nyingine. Niliwaza: huyu akifa, nimemuua mtu, na nitakuwa nimemuua kwa utani. Mzaha mzaha hutumbua usaha, tuliambiwa tangu watoto, na bado tunafanya.

Nje pikipiki ikafunga breki. Mwanamume mmoja akapiga ukelele kama mtoto. Viti vikaanguka.

Nassibu aliingia mbio. Nilikuwa nimesema aje hivyo hivyo alivyo, na alivyo ni mtu aliyekuwa akiigiza kufa: uso umepakwa poda nyeupe, macho yamepakwa weusi, kanzu nyeupe, ndevu za bandia zimebanduka upande mmoja kwa upepo. Wanawake walitawanyika. Mmoja alipita dirishani, sijui alitoshaje. Bi Badriya alishika ukuta akasoma dua kwa sauti.

Mama hakupiga kelele. Alimtazama tu.

"Mama," Nassibu akasema, akapiga magoti.

"Sogea."

Akasogea. Bi Sofia akalowesha ncha ya mtandio wake kwenye kile kikombe nilichoshika mimi, akamfuta shavu. Poda ikatoka, ngozi ikaonekana. Akafuta tena, paji la uso, pua, taratibu, mpaka akaupata uso wote. Akamnusa kichwani.

"Mbona wamekupaka unga?"

"Kazi, mama."

Bila kunitazama akanyoosha mkono kwangu, akaviokota vidonge kwenye kiganja changu, akavinywa.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la Bi Badriya, akalazwa siku tatu. Daktari aliuliza kama amepata mshtuko wowote, na Nassibu akanitangulia kujibu, akasema, "Ni uchovu tu." Sikujua nimshukuru au nijifiche. Kwenye korido ile ile nilimwomba radhi. Akasema, "Dada, mimi nimekwisha nguvu," akaenda kumnunulia mama yake chungwa.

Kipindi cha Kitasa kufa kilitazamwa na watu wengi kuliko kipindi chochote tulichowahi kufanya. Stesheni ikatupa mwaka mzima. Mkuu wa vipindi alinipigia akicheka kwa furaha: "Paska, wewe ni hatari!" Watu wangu kumi na wanane wana kazi. Nassibu amerudi, anaigiza, ila ngazi nimezitoa. Hajaniuliza kwa nini.

Wiki tatu baadaye nilikusanya ujasiri nikaenda Narung'ombe. Bi Sofia alinikaribisha. Makochi yalikuwa yamerudi ndani. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, na nusura nilie kwa ajili ya neno hilo. Akanimiminia chai.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Nimekusamehe siku ile ile," akasema. "Wewe ni mtoto wangu, na mtoto hukosea. Kunywa chai."

Nikanywa. Yeye alikaa ameshika kikombe chake, hanywi.

"Ila nitakwambia kitu, usinikatize. Mimi ni mtu mzima, nilikuwa najua siku yangu itakavyokuja, ikiwa Mungu atapenda nimzike na huyu. Watakuja wanawake, watakaa. Watatoa makochi. Watasema anaumwa kidogo. Nami nitajua, nitalia, nitamaliza. Ndivyo mama yangu alivyojua. Ndivyo nilivyojua kwa baba yake na kwa dada yake."

Akaweka kikombe chini.

"Sasa ikifika, Paskalina, watatoa makochi nami nitasema acheni, ni wale watu wa televisheni. Watanionyesha sanda, nitasema ni poda, nipeni maji nimfute. Watamaliza kuzika watarudi, watanikuta pale mlangoni, nasikiliza pikipiki. Nitakaa pale, mwanangu. Nani atakuja kuniambia, nikamwamini?"